Maisha ya Tabibu Archibald McIndoe, Mponyaji wa Majeraha ya Moto

UTANGULIZI

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa sura yake, na akatia ndani ya mwili wake nguvu ya kujiponya pindi unapojeruhiwa. Amma baad.

Mtu akitoka mjini Arusha kwenda kaskazini, akauacha mlima Meru upande wake wa kulia na kushika njia ya Longido, huiona mbele yake mbuga pana ya Wamasai, na ng'ambo ya mbuga hiyo, upande wa mashariki, huuona mlima Kilimanjaro. Katika miteremko ya Kilimanjaro inayoielekea mbuga hiyo ndipo palipo Ol Molog. Zama za utawala wa Waingereza palikuwa na mashamba ya walowezi hapo, na mmoja wa walowezi hao alikuwa tabibu mpasuaji, jina lake Michael Wood. Katika mwaka wa 1956, chini ya mlima huo, matabibu watatu walishauriana juu ya jambo moja, nalo ni namna ya kumfikia mgonjwa ambaye hawezi kufika hospitali. Wa kwanza ni huyo Wood. Wa pili ni Mmarekani Thomas Rees. Na wa tatu, aliyewazidi kwa umri na kwa elimu ya kazi yao, ni Sir Archibald McIndoe. Kijitabu hiki kinataja maisha ya huyo wa tatu, na jinsi elimu yake ya kuponya majeraha ilivyotoka katika vita vya Ulaya ikafika katika nchi hizi.

Wala elimu ya kupasua na kushona majeraha si ngeni kwa Waislamu. Abul-Qasim az-Zahrawi, aliyeishi karibu na Kurtuba katika Andalus miaka elfu moja iliyopita, aliandika kitabu chenye juzuu 30 kiitwacho At-Tasrif, na juzuu ya mwisho aliifanya ya upasuaji peke yake. Humo alichora picha za vyombo vyake, akaeleza namna ya kushona ndani ya mwili kwa nyuzi zilizofanywa kwa matumbo ya wanyama. Kitabu hicho kikafasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na wapasuaji wa Ulaya wakakisoma kwa mamia ya miaka. Kadhalika watu wa Bara Hindi walijua zamani sana kumfanyia pua mpya mtu aliyekatwa pua, kwa kugeuza ngozi ya kipaji cha uso na kuishusha chini. Basi elimu hii ni kama kisima. Kila kaumu imechota kwa wakati wake, na hapana anayeweza kusema kuwa ni chake peke yake.

KUZALIWA KWAKE

Archibald Hector McIndoe alizaliwa tarehe 4 Mei mwaka wa 1900 katika mji wa Dunedin, nchi ya New Zealand, ambayo ni visiwa vilivyo mbali kusini katika bahari kuu. Baba yake, John McIndoe, kazi yake ilikuwa kupiga chapa vitabu na karatasi. Na mama yake, Mabel Hill, alikuwa mchoraji picha mwenye kujulikana katika nchi yake. Yumkini kwa mama huyo ndiko alikotoa jicho la kupima umbo la uso, na kwa baba huyo ndiko alikotoa subira ya kazi ya mikono.

KUSOMA KWAKE

Alisoma skuli huko huko Dunedin, kisha akaingia chuo kikuu cha Otago kusomea utabibu. Alipohitimu alifanya kazi kidogo katika hospitali ya nchi yake, na katika mwaka wa 1924 akapata nafasi ya kwenda Marekani, katika hospitali mashuhuri ya Mayo iliyo katika mji wa Rochester. Huko alizama katika elimu ya maradhi ya ini, akapasua, akapima, akaandika, mpaka akajulikana kuwa ni kijana hodari. Lakini jambo alilolipata Marekani lililokuwa kubwa zaidi ya jina, ni mazoea ya kutazama kila kitu kwa jicho lake mwenyewe wala asikubali dawa kwa sababu tu imekubaliwa na waliotangulia. Mazoea hayo ndiyo yaliyokuja kuwaokoa watu wengi baadaye.

KUFIKA KWAKE LONDON

Katika mwaka wa 1930 alihamia London kwa ahadi ya kazi aliyopewa na mkubwa mmoja. Alipofika, ahadi ile haikutimia. Akawa yu mgeni katika mji mkubwa wakati wa baridi, ana mke na mtoto, wala hana kazi. Ndipo alipomwendea ndugu yake katika ukoo, Sir Harold Gillies, aliyezaliwa pia Dunedin. Huyu Gillies ndiye aliyekuwa bingwa wa kutengeneza nyuso za askari walioharibiwa na risasi na mizinga katika Vita Vikuu vya Kwanza, na katika mwaka wa 1917 alianza kutumia njia ya kukunja ukanda wa ngozi ukawa kama bomba, ncha zake zote mbili zikibaki zimeshikamana na mwili, kisha ncha moja ikahamishwa kidogo kidogo mpaka ifike usoni. Kwa njia hiyo ngozi haikosi damu hata siku moja katika safari yake.

Gillies akampokea, akamtafutia kazi, akamfundisha. McIndoe akafaulu mtihani wa wapasuaji wa Uingereza mwaka wa 1932, kisha akapewa kazi ya upasuaji na kufundisha katika hospitali ya maradhi ya nchi za joto mjini London. Hapo aliyasoma maradhi ya watu wa Afrika na Bara Hindi kabla ya kuiona Afrika yenyewe. Katika mwaka wa 1938 akafanywa mshauri wa jeshi la ndege la Uingereza katika upasuaji wa kutengeneza viungo. Vita vya Pili vilipoanza mwaka wa 1939, wapasuaji wa namna hii waliokuwa wakifanya kazi hiyo peke yake katika Uingereza nzima walikuwa wanne tu, na McIndoe mmoja wao.

VITA NA MAJERUHI WA MOTO

McIndoe alipelekwa katika mji mdogo wa East Grinstead, kusini ya London, katika hospitali iitwayo Queen Victoria. Katika kiangazi cha mwaka wa 1940 ndege za Wajerumani zilipokuwa zikiishambulia Uingereza kila siku, vijana waliozikabili wakaanza kuletwa. Ndege zao zilikuwa na matangi ya petroli karibu na mahali pa rubani. Tangi lilipopigwa risasi, moto uliingia katika chumba chake, na kwa muda wa sekunde chache tu uliunguza mikono na uso kabla hajaweza kujitupa nje. Wengi wao walikuwa hawajatimiza miaka 25. Walikuja hawana kope za macho, wala midomo, wala vidole vilivyonyooka.

Dawa ya moto iliyokuwa ikitumiwa katika hospitali zote wakati ule ilikuwa ni tanini. Watu wa pwani wanaijua tanini, ijapokuwa pengine hawaijui kwa jina hilo. Ndiyo iliyomo katika magome ya mikoko yaliyokuwa yakipakiwa majahazini na melini kutoka Rufiji na Lamu, yapelekwe kulainishia na kukaushia ngozi za wanyama. Matabibu walikuwa wakiipaka juu ya jeraha ikafanya gamba gumu jeusi, nao wakadhani kuwa gamba hilo ni kinga. Juu ya tumbo au mgongo pengine madhara yake yalikuwa machache. Lakini juu ya mikono na uso ilikuwa balaa. Gamba liliposinyaa liliviminya vidole damu isipite, usaha ukajikusanya chini yake usionekane, na kope zikavutwa hata macho yasiweze kufumba. Na jicho lisilofumba hukauka, mwisho likapofuka.

McIndoe akaliona jambo jingine. Marubani walioanguka baharini, wakaelea katika maji ya chumvi kabla ya kuokolewa, majeraha yao mara nyingi yalikuwa masafi na laini kuliko ya wale walioanguka nchi kavu. Basi akaitupa tanini, akafanya mabirika makubwa ya maji ya uvuguvugu yaliyotiwa chumvi kwa kipimo, mgonjwa akaogeshwa humo kila siku. Bandeji zilizogandamana na jeraha zikaachana nalo bila ya maumivu makubwa. Vidole vikaweza kuchezeshwa ndani ya maji. Kisha jeraha likafunikwa kwa kitambaa chepesi kilichopakwa mafuta ili kisishike. Akasimama mbele ya matabibu wenzake, miongoni mwao wakubwa wake, akawathibitishia kwa wagonjwa wenyewe. Haukwisha muda mrefu tanini ikakatazwa kutumiwa kwa mikono na nyuso.

Mmoja katika wagonjwa hao alikuwa Richard Hillary, kijana aliyepigwa tarehe 3 Septemba mwaka wa 1940 akaanguka baharini, akaokolewa na mashua. McIndoe alimfanyia kope mpya. Hillary akaandika kitabu juu ya mambo yaliyompata, kikasomwa na watu wengi. Kisha akarudi kuruka na ndege, akafa nayo mwezi wa Januari mwaka wa 1943. Alikuwa na umri wa miaka 23.

JINSI JERAHA LINAVYOPONA

Haifai kusimulia kazi ya tabibu huyu bila ya kueleza kwanza kazi ya jeraha lenyewe, kwani McIndoe alikuwa akiamini kuwa tabibu haponyi, bali huondoa vizuizi ili mwili upone.

Ngozi inapokatika, damu huganda na kuziba. Kisha sehemu ile huvimba na kuwa moto, nao si ugonjwa bali ni jeshi la mwili linalofika kuwala vijidudu na kuondoa nyama iliyokufa. Baada ya siku chache huota nyama changa nyekundu, yenye mishipa midogo midogo ya damu, ikajaza shimo. Ngozi ya pembeni nayo hutambaa juu ya nyama hiyo kutoka kila upande. Mwisho jeraha hujivuta, likawa dogo, likafanya kovu.

Kujivuta huku ndiko kwenye heri na shari. Jeraha dogo likijivuta, hupona upesi. Lakini jeraha kubwa la moto lililo juu ya kiungo, likiachwa lijivute lenyewe kwa miezi, kovu hulivuta goti likapindana na paja, au kidevu kikashikamana na kifua, au vidole vikakunjamana katika kiganja. Mgonjwa husema amepona, kwani hapana tena kidonda. Na kumbe amefungwa kwa kamba ya nyama yake mwenyewe.

Dawa ya shari hiyo ni kuliziba jeraha mapema kwa ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Tabibu huchukua kisu chembamba akapara utando wa ngozi kutoka pajani, mwembamba kama karatasi, akauweka juu ya nyama nyekundu iliyo safi. Siku mbili za kwanza utando huo huishi kwa kunyonya majimaji ya jeraha. Kisha mishipa ya damu ya chini huingia ndani yake, nao ukawa sehemu ya mwili. Paja nalo hupona, kwa sababu mizizi ya ngozi haikung'olewa yote.

Misuli nayo ina habari yake. Wakati wa McIndoe ilijulikana kuwa msuli usiotumiwa hunyauka, na kwa hiyo akawahimiza wagonjwa wachezeshe mikono tangu siku za kwanza. Lakini siri ya jinsi msuli unavyojitengeneza ilifunuka baada ya kufa kwake. Katika mwaka wa 1961 Alexander Mauro, mwanachuoni wa Marekani, alitazama misuli ya chura kwa darubini ya elektroni, akaziona seli ndogo zimelala ubavuni mwa nyuzi za msuli. Seli hizo huamka msuli unapojeruhiwa, zikazaana, zikaungana, zikafanya nyuzi mpya. Lakini zina mpaka wake. Jeraha likiwa dogo, na damu ikiwapo, na mshipa wa fahamu ukiwa mzima, msuli hurudi. Nyama ikiondoka nyingi mno, kovu hutangulia likachukua mahali pake, na kovu halina nguvu ya kuvuta wala kuinua. Hata leo wapasuaji wanatafuta njia ya kuzisaidia seli hizo zilishinde kovu.

KUNDI LA SIMBILISI

Mgonjwa mmoja aliweza kupasuliwa mara nyingi, wengine makumi ya mara, katika muda wa miaka. McIndoe aliona kuwa ngozi ikipona na moyo ukabaki na jeraha, kazi bado ni nusu. Kwa hiyo akafanya mambo ambayo wakubwa wa jeshi hawakuyapenda. Alikataa wagonjwa wasivishwe nguo za wagonjwa, akawaacha wavae sare zao za heshima. Alikataa wakubwa wasikae chumba mbali na wadogo; wote akawalaza pamoja. Alimruhusu mgonjwa aingie kutazama mwenzake akipasuliwa, apate kuijua kazi itakayomfikia. Na kwa kuwa askari aliyekaa hospitali muda mrefu alikuwa akitolewa jeshini na kupunguziwa fedha zake, McIndoe alishindana na serikali mpaka wakaachiwa haki zao.

Kisha akatoka nje ya hospitali, akawaendea watu wa mji. Akawaomba wawaalike vijana hawa majumbani mwao, wawatazame machoni, wasigeuze nyuso zao njiani, wala wasiwaonee huruma ya kuwadhalilisha. Watu wa mji wakalikubali jambo hilo, na East Grinstead ukapata sifa ya kuwa mji ambao mtu aliyeungua hutembea humo kama watu wengine.

Tarehe 20 Julai mwaka wa 1941 wagonjwa wenyewe wakafanya chama, wakajiita Simbilisi, yaani yule mnyama mdogo ambaye matabibu humfanyia majaribio, kwa kuwa walijua kuwa upasuaji mwingi waliofanyiwa haukuwa umefanywa kabla yao. Walianza watu 39, na vita vilipokwisha walikuwa 649, Waingereza na Wakanada na watu wa mataifa mengine. Kwa mzaha walimchagua mweka hazina aliyeungua miguu, ili asiweze kukimbia na fedha zao. Na karani aliyeungua vidole, ili asiandike maneno mengi. McIndoe wakamfanya rais wao. Wakaendelea kukutana kila mwaka mpaka mwaka wa 2007, walipokuwa wazee sana.

SIFA ZAKE

Alikuwa mtu mnene wa kimo kifupi, mwenye miwani mikubwa na vidole vinene ambavyo mtu asingedhani kuwa vinaweza kushona kope ya jicho. Alikuwa mwenye haraka, mwenye kupenda amri yake ifuatwe, na aligombana na watu wengi, wakiwamo matabibu wenzake. Alipenda mali na heshima, wala hakuficha. Lakini kwa mgonjwa alikuwa mkweli. Hakumwambia mtu kuwa uso wake utarudi kama ulivyokuwa. Alimwambia lipi litawezekana, litachukua muda gani, na litauma namna gani. Na aliloliahidi alilitimiza. Mwaka wa 1947 mfalme wa Uingereza alimpa cheo cha Sir.

SAFARI ZAKE ZA AFRIKA MASHARIKI

Baada ya vita McIndoe alianza kuja Afrika Mashariki. Aliipenda nchi, akapata shamba katika miteremko ya Kilimanjaro, akawa anakuja kupumzika. Lakini tabibu hapumziki mahali penye wagonjwa. Katika mashamba na mabuga ya Jimbo la Kaskazini, ambalo makao yake makuu yalikuwa Arusha, aliyakuta majeraha yale yale aliyoyajua East Grinstead, ila hayakuletwa na ndege za vita.

Yaliletwa na moto wa mafiga matatu. Mtoto aliyetambaa akaangukia jikoni; mtu mwenye kifafa aliyeanguka motoni akiwa peke yake; maji ya moto yaliyopinduka. Yaliletwa na fisi, ambaye humwuma mtu aliyelala nje, mara nyingi usoni. Yaliletwa na nyati na chui. Kisha walikuwapo wenye ukoma waliopinda vidole, na wenye vidonda vya miguu vya miaka mingi, na watoto waliozaliwa na mdomo wa sungura. Na wengi wao walikuwa wamekwisha kufika katika hali ile iliyotajwa nyuma, ya jeraha lililopona kwa kujivuta, kiungo kikafungwa.

Hapa ndipo lilipodhihiri jambo kubwa kuliko yote katika maisha ya mtu huyu. Huko Uingereza rubani aliyeungua asubuhi aliweza kuwa mikononi mwa tabibu kabla ya jua kuchwa. Huku mbugani, mtoto aliyeungua Longido au ng'ambo yake alikuwa na mwendo wa siku nyingi mpaka Arusha, na njia nyingine wakati wa masika hazipitiki kabisa. Hesabu iliyotajwa zama zile ni kuwa katika Afrika Mashariki palikuwa na tabibu mmoja kwa kila watu 30,000, na hao matabibu wengi walikaa mijini. Jeraha ni lile lile, na mwili ni ule ule, na nguvu ya kujiponya ni ile ile. Kilichotofautiana ni masafa. Ngozi iliyofaa kupachikwa katika wiki ya pili au ya tatu haikupachikwa, na kazi ya saa moja ikawa kazi ya miaka, au ikawa haiwezekani tena.

Michael Wood alikuwa amelijua jambo hilo kabla yake. Alikuja Nairobi mwaka wa 1947 akiwa mpasuaji wa kawaida, kisha akarudi Uingereza kusoma kwa McIndoe elimu ya kutengeneza viungo, akarudi tena Afrika Mashariki. Alijifunza kurusha ndege mwenyewe, kwani aliona kuwa mpasuaji akisafiri kwa gari hupoteza siku zake njiani. Naye Rees, Mmarekani, alikuwa amejifunza kazi hiyo hiyo. Walipokutana watatu chini ya Kilimanjaro mwaka wa 1956, shauri lao lilikuwa la wazi: ikiwa mgonjwa hawezi kumfikia tabibu kwa wakati, basi tabibu na amfikie mgonjwa. Katika mwaka wa 1957 wakaanzisha chama cha matabibu wasafirio kwa ndege katika Afrika Mashariki. McIndoe akatumia jina lake na urafiki wake na wenye mali wa Uingereza kukitafutia fedha, na Wood akaichukua kazi yenyewe, akiruka kutoka hospitali hadi hospitali za bara, akipasua wagonjwa waliokusanywa kumngoja, na kuwafundisha matabibu wa huko. Baadaye zikawekwa redio katika zahanati za mbali ili waweze kuita msaada.

Ni ajabu ya kufikiriwa kuwa ndege, ambayo ndiyo iliyowaunguza vijana wa East Grinstead, hapa ikawa chombo cha kumfikishia dawa aliyeunguzwa na mafiga.

KUFA KWAKE

McIndoe hakuishi kuyaona matunda ya shauri hilo. Alikufa usingizini kwa maradhi ya moyo mjini London mwezi wa Aprili mwaka wa 1960, hajatimiza miaka 60. Jeshi la ndege likampa heshima ya kuwekwa katika kanisa lao la London, heshima ambayo si kawaida kupewa mtu asiyekuwa askari. Mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, alikufa pia Gillies, aliyempokea alipokuwa hana kazi.

ALIYOYAACHA

Aliacha mambo mawili. La kwanza ni nyumba ya utafiti iliyofunguliwa East Grinstead mwaka wa 1961 kwa fedha za tajiri Neville Blond, ambayo baadaye iliitwa kwa majina yao wote wawili, Blond na McIndoe. Humo walichunguza kwa nini ngozi ya mtu mmoja haikubali kuota juu ya mwili wa mtu mwingine. Suala hilo lilikuwa limewasumbua matabibu tangu vitani, kwani mtu aliyeungua mwili mzima hana pajani ngozi ya kuazima. Peter Medawar na Thomas Gibson walikuwa wamethibitisha mwaka wa 1943 kuwa mwili huijua ngozi ya kigeni na kuitupa, na ikiletwa mara ya pili huitupa upesi zaidi. Kwa elimu iliyotoka katika uchunguzi huo Medawar alipewa nishani ya Nobel mwaka wa 1960, na ndiyo iliyofungua mlango wa kupandikiza figo na viungo vingine.

La pili ni chama kile cha matabibu wa ndege. Wood alikitumikia karibu umri wake wote, akafa mwaka wa 1987. Chama kikakua, kikaitwa AMREF, na leo chaitwa Amref Health Africa, makao yake makuu yako Nairobi, na kazi yake imeenea katika nchi nyingi za Afrika, wenye kuifanya wakiwa Waafrika wenyewe.

FAIDA YA HABARI HIZI

Mwenye kusoma habari za watu waliopita hana budi kutoka na jambo la kutumia nyumbani kwake. Hapa yako manne.

La kwanza, aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi mara moja, kwa muda wa kama dakika 20, kisha afunikwe kwa kitambaa safi. Asipakwe majivu, wala samli, wala dawa ya meno, wala tope. Gamba linalopendeza machoni laweza kuficha usaha, kama tanini ilivyoficha. Wala asidhani mtu kuwa birika la McIndoe ni ruhusa ya kumchovya majeruhi baharini. Chumvi yake ilikuwa kwa kipimo na maji yake safi, na bahari ya bandarini ina uchafu mwingi.

La pili, jeraha lililo juu ya kiungo, au usoni, au mkononi, au jeraha lolote kubwa, lipelekwe hospitali siku ile ile. Kungoja kuona kama litapona lenyewe ndiko kulikowafunga watu magoti na shingo. Litapona, naam, lakini swali ni litapona katika umbo gani.

La tatu, kiungo kilichojeruhiwa kichezeshwe kama tabibu atakavyoagiza, hata kikiuma, kwani msuli uliolala hunyauka na kovu halimngoji mtu.

La nne ni la wale wasiokuwa na jeraha. Mtu mwenye kovu usoni apitapo sokoni au aingiapo msikitini, asigeuziwe uso, wala asitazamwe kwa mshangao, wala watoto wasiachwe kumfuata. Mpasuaji alishona ngozi, lakini watu wa mji mmoja mdogo ndio waliomaliza kazi yake kwa macho yao, na kazi hiyo haihitaji kisu, wala fedha, wala ndege.

Mwenyezi Mungu ndiye Mponyaji, na kwake ndiko marejeo.